Kelele za Chura na Maji ya Kisima

Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii hutumiwa aghalabu kumliwaza mtu anayeandamwa na maneno ya walimwengu, ili ashike njia yake asijali. Mimi nimeikumbuka kwa sababu nyingine. Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya upili upande wa Makueni kuzungumza na wanafunzi juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimejifunza zaidi ya nilivyofundisha.

Mazungumzo yalipokwisha, wanachama wa chama cha sayansi waliniomba nikaitazame kazi yao. Walikuwa wamefunga kisanduku kidogo kwenye mpini wa pampu ya mkono iliyo katika uwanja wa shule. Ndani yake mlikuwamo betri, kompyuta ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu, na chombo kidogo kuliko ukucha ambacho hutambua mwendo.

"Mwalimu, hiki tukiite nini kwa Kiswahili?" aliniuliza msichana mmoja wa kidato cha tatu.

Nikawaambia kwamba wanafizikia wanaoandika kwa Kiswahili huita mabadiliko ya kasi kwa kila sekunde mchapuko. Basi chombo hicho na tukiite kipimamchapuko. Jina liliwapendeza, lakini halikuwa ndilo shida yao. Shida yao ilikuwa kwamba usiku fulani fulani, kati ya saa moja na saa tatu, kisanduku kilionyesha mtu akipiga pampu mara thelathini kwa dakika bila kupumzika. Saa hizo wanafunzi huwa madarasani wakidurusu, na mtu pekee aliye karibu na pampu ni mlinzi wa usiku. Minong'ono ilikwisha kuanza kwamba mzee yule huuza maji ya shule kwa mitungi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuchagua chombo cha kupimia si suala la duka na bei peke yake. Chombo kisichochaguliwa vyema, au kisichoulizwa vyema, chaweza kumharibia mtu jina.

Wazo la kufunga chombo cha namna hiyo kwenye pampu halikuzaliwa shuleni hapo. Lina historia, na sehemu muhimu ya historia hiyo iko Kitui. Msomaji aliyewahi kutembea Ukambani anafahamu kwamba mito mingi huko hutiririka kwa majuma machache ya mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Watu wa Kitui na Makueni wamejenga kuta za mawe na saruji kukata mito hiyo, ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji ndani yake. Kando ya mabwawa hayo ya mchanga, na mahali pengine pengi, huchimbwa visima vyenye pampu za mkono. Pampu ikiharibika, hapana mfereji wa akiba. Mama na watoto hurudi kwenye mwendo wa kilomita kadhaa, na mwanafunzi huingia darasani akiwa amekwisha kuchoka.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster, walichapisha maelezo ya kifaa walichokuwa wamekijaribu nchini Zambia. Kifaa hicho, kilichofichwa ndani ya mpini wa pampu, kilitumia kipimamchapuko cha bei nafuu kutambua mpini unapopanda na kushuka, kisha kikapeleka hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Baadaye mpango huo ulijaribiwa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, kwa pampu 66. Kabla ya jaribio, pampu iliyoharibika ilikaa kwa wastani wa siku 27 kabla ya kutengenezwa. Katika kipindi cha jaribio, mwaka 2013, wastani huo ulishuka hadi chini ya siku 3. Bila shaka si kifaa kilichotengeneza pampu. Fundi ndiye aliyeitengeneza. Kifaa kilimwambia tu kwamba pampu fulani imenyamaza, naye akapanda pikipiki. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix, iliyoanza kuhudumia pampu za Kitui na Kwale.

Tofauti ya siku 27 na siku 3 ndiyo inayotufanya tulichukue jambo hili kwa uzito. Basi turudi kwenye chombo chenyewe.

Ndani ya kipimamchapuko mna kijidonge cha silikoni kilichoshikiliwa na springi nyembamba mno. Chombo kikisukumwa, kijidonge hubaki nyuma kidogo, na umbali huo wa kubaki nyuma hugeuzwa kuwa umeme na hatimaye kuwa namba. Lakini springi hizo huvutwa na kitu kingine pia, nacho ni mvutano wa dunia. Chombo kilicholazwa mezani, hata kama hakitikisiki, husoma mvutano huo, ambao ni takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Wahandisi huuita g moja. Kwa mwenye pampu hii ni neema. Mpini ukiwa umelala sawa, chombo kilichoelekezwa kwa urefu wake husoma sifuri. Mpini ukiinuka nyuzi 30, husoma nusu ya g; ukishuka nyuzi 30, husoma nusu ya g upande wa pili. Mtu anayepiga pampu mara arobaini kwa dakika huchora wimbi pana, la polepole, lisilofikia hata mrudio mmoja kwa sekunde. Huo ndio mwendo tunaoutafuta.

Sasa zingatia kelele. Mpini ukigonga chuma mwisho wa safari yake, chuma hulia na kutetema. Fimbo zilizo ndani ya kisima husuguana. Punda hujikuna kwenye nguzo. Mitetemo hii huonekana midogo kwa macho, lakini kipimamchapuko hakihukumu kwa macho. Mchapuko wa mtetemo huongezeka kwa mraba wa idadi ya marudio yake. Mtetemo wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukijirudia mara 50 kwa sekunde, huleta mchapuko wa karibu g moja, yaani mara mbili ya ile nusu ya g tunayoipata mpini ukiinuka nyuzi 30! Jambo ambalo jicho halilioni laweza kukizibia chombo jambo ambalo kila mtu analiona.

Wanafunzi wale walidhani kwamba dawa ni kununua kipimo chenye wepesi mkubwa zaidi wa kuhisi. "Hiki chetu ni cha bei rahisi, mwalimu," walinieleza kwa unyonge. Niliwauliza walikuwa wakikisoma mara ngapi kwa sekunde. Wakajibu: mara kumi, maana pampu hupigwa polepole. Nikawauliza tena, kuna mashine gani karibu na pampu? Wakatazamana. Jenereta ya shule imekalia sakafu ileile ya saruji inayoizunguka pampu, nayo huwashwa umeme unapopotea saa za kudurusu.

Msomaji asidhani kwamba nilibuni jibu kwa ujanja. Sisi tunaofundisha fonetiki tumeumwa na nyoka huyo huyo. Sauti ya s ina nguvu nyingi katika mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde. Ukiirekodi kwa kuchukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, bila kwanza kuichuja, mitetemo hiyo ya juu haipotei. Hurudi chini ikiwa imejigeuza sauti ambayo msemaji hakuitamka. Kanuni hiyo huhusishwa na majina ya Harry Nyquist na Claude Shannon: ni lazima usome zaidi ya mara mbili kwa kila mrudio wa mtetemo wa juu kabisa unaokifikia chombo. Tahadhari, nimesema unaokifikia chombo, sikusema unaokuvutia wewe.

Jenereta ya kawaida huzunguka karibu mara 50 kwa sekunde. Tuseme ile ya shule ilizunguka mara 50.5. Chombo kikisomwa mara kumi kwa sekunde, kati ya usomaji mmoja na mwingine jenereta huwa imezunguka mara tano na sehemu ndogo, yaani mara 5.05. Mizunguko mitano kamili haionekani kabisa, kwa kuwa mashine imerudi palepale ilipokuwa. Kinachoonekana ni ile sehemu ndogo ya 0.05. Baada ya kusoma mara ishirini, yaani sekunde mbili, sehemu hizo zimekuwa mzunguko mmoja mzima. Mzunguko mmoja kwa kila sekunde mbili ni mara thelathini kwa dakika. Naam, huyo ndiye aliyekuwa akipiga pampu usiku!

Tulifungua daftari la shule linaloonyesha siku jenereta ilipotiwa mafuta na kuwashwa, tukalilinganisha na kumbukumbu za kisanduku. Usiku ambao umeme wa kawaida haukupotea, hakuna aliyepiga pampu. Mwalimu wa sayansi alitoka peke yake akamwendea mlinzi. Sikusikia waliyozungumza, na sikupaswa kusikia.

Kutokana na kisa hicho nimejiundia maswali ambayo ningependa kila mwalimu awaulize wanafunzi wake kabla ya kuwaruhusu kununua kipimamchapuko.

Swali la kwanza: mwendo unaoutafuta ni mkubwa kiasi gani na hujirudia mara ngapi? Pasipo jibu hili, hakuna uchaguzi, kuna kubahatisha tu. Kwa pampu tumekwisha jibu: nusu ya g kila upande, chini ya mrudio mmoja kwa sekunde.

Swali la pili: kelele kubwa kabisa mahali hapo ina ukubwa gani? Jibu lake ndilo huamua upeo wa chombo, wala si ukubwa wa mwendo unaoutafuta. Kipimo cha ADXL345 cha kampuni ya Analog Devices, mathalani, chaweza kuwekwa upeo wa g 2, 4, 8 au 16. Ukichagua 2 kwa kuwa mwendo wako ni mdogo, na mpini ukigonga kwa g 5, chombo hukata kilele cha pigo na kuandika 2. Huwezi kurekebisha kosa hilo baadaye kwa kutafuta wastani, maana wastani wa namba zilizokatwa si wastani wa kilichotokea. Upeo mpana una gharama yake, kwa kuwa ngazi za namba huwa pana pia. Upeo wa g 16 ukigawanywa katika ngazi 1,024, kila ngazi huwa takriban g 0.03. Lakini mbele ya nusu ya g hiyo ni gharama ndogo.

Swali la tatu: nani anachuja, na anachuja kabla au baada ya kusoma? Vipimo vingi vya kisasa vina kichujio ndani yake, lakini kichujio hicho hufuata kasi ambayo chombo chenyewe kimewekewa. Ukikiweka chombo kitoe namba 100 kwa sekunde, kisha wewe ukaokota kumi tu na kuzitupa zilizobaki, umekiruka kichujio na kumfungulia mzimu mlango. Njia ya sawa ni kuzisoma zote, kuzilainisha kwa hesabu mpaka mitetemo ya haraka ififie, ndipo uzipunguze. Baada ya hapo usihesabu pigo mpaka mpini uwe umevuka kiwango fulani juu, tuseme nyuzi 15, na kuvuka kiwango kama hicho chini. Jenereta hutetemesha mpini, haiwezi kuuinamisha.

Swali la nne: kelele ya chombo chenyewe ni kubwa au ndogo kuliko kelele ya mahali kinapokaa? Vipimo vya bei ghali husifiwa kwa utulivu wao wa ndani, na utulivu huo una thamani kwa mtu anayepima mtikisiko wa daraja au wa ardhi penye kimya. Kwenye mpini unaogongwa mchana kutwa ni sawa na kununua mizani ya sonara ili kupimia magunia ya ndengu. Wanafunzi wangu wangenunua kipimo chepesi zaidi wa kuhisi, kingeisikia jenereta vizuri zaidi, na mzee angetiwa hatiani kwa ushahidi ulio safi zaidi. Afadhali fedha hizo zinunue betri ya kudumu na kisanduku kisichoingiza maji, na wanafunzi wajaribu kama sifuri ya chombo husogea jua la Ukambani linapopasha chuma.

Swali la tano ndilo husahauliwa zaidi: je, mchapuko ndio unaojibu ninachouliza? Abiria aliye ndani ya treni ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2017 na kupita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, akiiweka simu yake mezani wakati treni inakwenda kwa kasi isiyobadilika katika njia iliyonyooka, kipimamchapuko kilichomo ndani ya simu hakitamwambia kama yumo mwendoni au la. Kitasoma mvutano wa dunia na mitetemo ya magurudumu, basi. Wako wanaodhani kwamba kwa kujumlisha mchapuko mara mbili watapata umbali. Kosa la mita 0.01 tu kwa sekunde kwa sekunde, likijumlishwa hivyo kwa dakika moja, huwa mita 18. Kisanduku kingedai kwamba mpini wa pampu umeruka juu ya mti! Isitoshe, mpini unaocheza si maji yanayotoka. Mpira wa ndani ukichakaa, au kisima kikikauka, watu hupiga pampu kwa bidii kuliko siku zote, na hesabu hupanda wakati ndoo ni tupu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwenye kutaka kujua habari za maji sharti aongeze ushahidi mwingine, hata kama ni mtu wa kuaminika anayepiga simu.

Nimetaja kwamba mimi ni mtu wa isimu, na kuna jambo la isimu hapa. Lugha ya Kikamba haina sauti ya r, na sikio lililolelewa na Kikamba pekee laweza kusikia mahali na mahari kama neno moja. Wapo wanaolicheka sikio hilo, nao wamekosea. Sikio ni zima. Lugha yake haijawahi kuliuliza litofautishe sauti hizo. Kila lugha huchagua tofauti zinazobeba maana na kuzipuuza nyingine, na zinazopuuzwa hapa huwa maana kamili kwingine. Kelele si aina ya sauti. Kelele ni sauti ambayo hukuiuliza swali.

Watafiti wa Oxford walilithibitisha jambo hilo bila kukusudia kutufundisha isimu. Mwanzoni walihitaji lile wimbi la polepole tu, na mitetemo ya haraka ya mpini ilikuwa takataka ya kuchujwa. Kisha wengine miongoni mwao, akiwamo Farah Colchester na David Clifton, wakaigeukia takataka hiyo. Katika makala ya mwaka 2017 walionyesha, kwa pampu za Kwale, kwamba mitetemo midogo ya mpini hubadilika kulingana na kina cha maji kisimani, na kwamba kompyuta iliyofunzwa kuitambua yaweza kukadiria kina hicho. Kifaa kilichokusudiwa kusema kama pampu inafanya kazi kikaanza kusema maji yako umbali gani chini ya ardhi. Kwa nchi ya ukame, hiyo ni habari yenye thamani kubwa.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja. Katika shule zetu mchapuko hufundishwa kama ufafanuzi wa kukariri, na vyombo hutajwa kama majina ya kutiwa kwenye mtihani. Mpeni mwanafunzi simu yenye programu ya bure kama phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Aifunge kwenye mpini wa pampu, kisha mwambie akuletee majibu ya maswali haya matano kwa maneno yake mwenyewe, na kwa lugha ambayo nyanya yake ataielewa. Akishindwa kueleza anachotafuta, hakuna duka litakalomuuzia.

Na methali je? Ng'ombe wa wahenga alikwisha kufika mtoni, akayaona maji, kwa hiyo hakuwa na haja na chura. Lakini msafiri mwenye kiu aliyepotea usiku katika nyika ya Kitui, akimsikia chura kwa mbali, hashiki njia yake na kumpuuza. Husimama, akatega sikio, kisha akaifuata sauti mpaka kwenye maji.